SOMO: Kufunga lenzi za zamani za M42 kwenye kamera za sasa

Wakuu, nimechoka kujibu kitu kilekile inbox kila siku kwa hiyo naandika hapa mara moja. Naongelea lenzi za kukaza kwa thredi, M42, kama Helios 44-2 ya Kisovieti na Takumar. Yangu ni Helios, nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa na studio Mikindani, na kwa picha za sura sijaona lenzi ya bei poa inayoigusa.

1. Futa vumbi, angalia ringi ya fokasi na ya apacha (tundu la kupitisha mwanga) kama zinazunguka.

2. Nunua adapta (ringi ya kuunganisha lenzi na kamera) ya bodi YAKO, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Hapa ndipo nilipoumia. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali fulani kutoka kwenye sensa (sehemu inayonasa picha), M42 ni milimita 45.46. Nikon za kioo (DSLR, zenye kioo kinachoinuka ndani) ni 46.5, yaani bodi yenyewe tayari imeshaisogeza lenzi mbele kwa milimita 1 na ushee hata kabla hujahesabu unene wa adapta. Mimi sikujua, nikanunua ringi ya kawaida, nikajaribu sebuleni kwa kupiga kikombe mezani, safi kabisa, Jumamosi nikaenda nayo harusini Shangani. Kuanzia kama mita 3 kwenda mbele kila kitu ukungu, bibi harusi anaingia ukumbini sina picha hata moja, na siku ile hairudi. Kwa hiyo USIJARIBU KWA KITU CHA KARIBU, nenda ufukweni lenga meli iliyotia nanga, ikitoka kali umepona.
Canon EF (za kioo) ni 44, fupi kuliko 45.46, inakubali. Sony E (zisizo na kioo) ni 18, inakubali bila shida, adapta yake ni ndefu tu. Onyo lingine: Canon za kioo zenye sensa kubwa (full frame), kioo kinaweza kugonga mgongo wa baadhi ya lenzi ukifokasi mbali, ukisikia mgongano acha hapohapo.

3. Kaza lenzi kwenye adapta kwanza. Ikigoma usilazimishe, zungusha kinyume mpaka thredi ikae ndo uanze upya.

4. Kwenye menyu ruhusu kupiga bila lenzi kama chaguo hilo lipo, maana kamera haitambui lenzi hizi.

5. Fokasi kwa mkono ukiwa f/2 (apacha wazi kabisa), halafu jicho likiwa bado kwenye kamera zungusha ringi mpaka f/5.6, piga.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Nina Nikon D3200 itaingia?
– Soma namba 2.

Mdau wa Masasi: Nimesoma ila nauliza tu kama itaingia
– Kuingia itaingia mkuu, mbali haitaona. Zipo adapta zenye lenzi ndogo ndani zinazorekebisha ila ukali wa picha unapungua, ndo maana sijaziweka kwenye somo.

Mdau wa Nachingwea: Shikamoo kaka, babu ameniachia Canon FD 50mm, nami nina Canon ya kioo. Si kampuni moja, mbona haikai?
– Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Canon walibadilisha mdomo (sehemu lenzi inapofungwa) mwaka 1987 walipoleta EF. FD ni milimita 42 na bodi yako ni 44, kwa hiyo unapata shida ileile ya Nikon. Usiiuze hiyo lenzi! Tafuta bodi isiyo na kioo hata ya mtumba, itakaa vizuri sana. Ikikushinda njoo Mtwara ujaribu kwenye yangu.

Mdau wa Lindi: Yangu ina kama utando wa buibui ndani
– Fangasi hiyo dada, unyevu wetu wa pwani. Itenge na lenzi nyingine, mpelekee fundi aifungue. Na usiweke kabatini na nguo, tumia kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na silika (punje za kunyonya unyevu), zile zinazobadilika rangi zikishajaa maji. Mfuko wa ngozi wa zamani utupe, ndo unaofuga fangasi.

Mdau wa Lindi: Mchele je?
– Hapana, una vumbi.