Ndoo ikimaliza kazi, ifudikize

Ukimaliza kufua au kudeki, mwaga maji papo hapo na uifudikize ndoo. Mtoto anayejifunza kusimama ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake: akichungulia ndani, anatangulia kichwa, na mikono yake haina nguvu ya kumnyanyua. Maji ya sentimita chache yanatosha kumzamisha. Tena hutasikia kitu, kwani mara nyingi anayezama hapigi kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Kama ni lazima maji yakae, kufudikiza hakukusaidii. Weka mfuniko unaobana kabisa. Kitambaa au sinia mtoto anavuta tu.