Laptop haitoi sauti: pima kwanza, draiva baadaye

Laptop ikinyamaza, wengi hukimbilia kupakua draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa. Hapo ndipo tatizo dogo hugeuka kubwa. Tafuta kwanza sauti inakatikia wapi: kwenye programu, mipangilio, draiva au spika zenyewe. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Mara nyingi nitakwambia ubonyeze Windows + R, uandike amri, kisha Enter, kwa kuwa menyu huhamishwa kila toleo likibadilika.

Hatua ya 1: Cheza sauti kwenye programu mbili

Hakikisha kitufe cha kuzima sauti kwenye kibodi hakijabonyezwa. Kisha cheza video kwenye kivinjari, halafu faili la muziki lililomo kwenye kompyuta. Kama moja inasikika na nyingine kimya, laptop ni nzima. Fungua `sndvol` uone kama programu iliyonyamaza imeshushwa sauti peke yake. Kwenye kivinjari, kagua pia kama kichupo kimezimwa sauti.

Hatua ya 2: Chomeka hedifoni za waya

Jaribio hili siliruki kamwe.

Hedifoni zikisikika na spika zikawa kimya, achana na draiva kwanza. Kagua tundu la hedifoni. Ndani yake kuna kigunduzi kinachoiambia laptop kwamba pini imeingia. Kikikwama au kikijaa uchafu, laptop huamini hedifoni bado zimo hata ukishazichomoa. Ingiza na kutoa pini mara kadhaa, kisha pulizia hewa. Usichokonoe kwa sindano! Kama orodha ya vifaa vya sauti (fungua `mmsys.cpl`) bado inaonyesha hedifoni ilhali hujachomeka kitu, umemkamata mchawi. Kama haionyeshi, huenda spika zimekufa au waya wake umechomoka.

Hedifoni na spika zote zikiwa kimya, unganisha kifaa cha Bluetooth. Kikisikika, shuku chipu ya sauti ya laptop au draiva yake, maana sauti ya Bluetooth kwa kawaida haipiti kwenye chipu hiyo: hakikisha kwa hatua ya 3 kwamba sauti haipelekwi kwingine, kisha nenda hatua ya 4. Bluetooth nayo ikiwa kimya, endelea na inayofuata.

Hatua ya 3: Angalia sauti inapelekwa wapi

Fungua `mmsys.cpl`. Kifaa chenye alama ya tiki ya kijani ndicho kinachopokea sauti. Ukiwa umeunganisha monita au televisheni kwa HDMI, Windows inaweza kuhamishia sauti huko, hata kama monita yenyewe haina spika. Chagua spika za laptop na uzifanye chaguo-msingi. Usipoziona, bofya kulia kwenye nafasi tupu ya orodha na uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane.

Sasa cheza muziki ukitazama mistari midogo pembeni ya kifaa. Ikipanda na kushuka bila sauti kusikika, programu inatuma sauti na Windows inaipokea. Inapotelea mbele zaidi. Isipotikisika, fungua `services.msc`, tafuta Windows Audio Endpoint Builder na uianzishe upya. Windows Audio inaitegemea, kwa hiyo utaombwa kuianzisha upya nayo pia. Kubali.

Hatua ya 4: Draiva

Fungua `devmgmt.msc`, tafuta kifaa cha sauti, ingia kwenye sifa zake. Kama sauti ilipotea baada ya sasisho, bofya kitufe cha kurudisha draiva ya awali (Roll Back Driver). Kitufe hicho kikiwa kimefifia, ondoa kifaa bila kuweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva, kisha iwashe upya laptop (Restart). Kuizima na kuiwasha si sawa: Windows ikiwa na uanzaji wa haraka (Fast Startup), hubakiza sehemu ya mfumo ilivyokuwa. Ikishindikana, chukua draiva ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke.

Sauti ipo, ila mbovu

Hedifoni za Bluetooth zikianza kusikika kama simu ya mkononi ya zamani, kuna programu inayotumia maikrofoni yake, na muunganisho umehamia hali ya mazungumzo. Kwenye programu hiyo chagua maikrofoni ya laptop. Kwa mikwaruzo, rudi `mmsys.cpl`, fungua sifa za spika, zima viboresha sauti, kisha jaribu muundo wa sauti wa biti 24 na 48000 Hz. Mlio unaokuja wakati wa kuchaji tu hutokana na umeme wa chaja.

Kabla ya kufungua kava

Washa laptop kwa Ubuntu (mfumo endeshi mwingine, wa bure) iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha. Ikitoa sauti, kosa limo ndani ya Windows. Ikibaki kimya, inaelekea ni maunzi, yaani vifaa vyenyewe. Kama kilichokufa ni chipu au tundu, adapta ya sauti ya USB ina chipu yake na utasikia bila kugusa bisibisi.