Kushiriki mafunzo ya maigizo likizo ya Juni: mwongozo kwa vijana wa Iringa na jirani zake

Mpwa wangu anayesoma sekondari Ilula aliniuliza afanyeje ili asiaibike kwenye mafunzo ya maigizo ya vijana mjini Iringa likizo hii. Nikamjibu kwa sauti za WhatsApp, akazisambaza, na sasa wenzake wananiuliza yaleyale. Basi naandika mara moja. Kazi yangu ni kuongoza michezo ya kuigiza ya vijana, na ninayoyasema ni ya huku Nyanda za Juu Kusini, ambako likizo ya katikati ya mwaka huangukia kwenye baridi na kwenye mavuno.

Hatua ya 1: Ruhusa ya nyumbani

Juni mahindi yanasubiri mikono. Usimvizie mzazi usiku wa kuamkia mafunzo. Mpe mapema tarehe, saa ya kuanza, saa ya kurudi na jina la msimamizi, halafu sema mwenyewe ni siku zipi utakuwa shambani. Mwombe mwongozaji ampigie mama au baba. Kwa mabinti hili silijadili: simu ipigwe. Wazazi wengi wanaosema “sanaa ni uhuni” wanachoogopa hasa ni bodaboda ya saa mbili usiku, na hofu hiyo ina sababu. Unayetoka Kilolo au Mufindi, pata kwanza pa kulala kwa shangazi au baba mdogo, ndipo ujaze fomu.

Hatua ya 2: Kujiandikisha

Uliza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, kwa mwalimu wa Kiswahili, parokiani na usharikani. Matangazo mengi hubandikwa mlangoni na hayafiki mtandaoni.

Hatua ya 3: Usaili

Usije na shairi. Njoo na kisa kilichokupata wewe au jirani, cha dakika mbili, ukisimulie kama unavyowasimulia rafiki zako bombani. Mwongozaji anatazama kama unaweza kumtazama mtu machoni na kama unasikia unapoelekezwa. Akikwambia “rudia, lakini sasa una haraka,” badilisha kweli. Anayerudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi ndiye anayeachwa.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Skripti iliyochapwa kwenye karatasi, penseli na kifutio. Skripti ya kwenye simu siikubali katika mazoezi yangu. Kioo kinazima, ujumbe unaingia, na huna pa kuandika kwamba hapa unageuka kushoto. Peni nayo iache nyumbani, maana maelekezo ya Jumatatu hufutwa Jumatano. Ongeza sweta, khanga au kitenge cha kulalia chini wakati wa mazoezi ya mwili, na chupa ya maji ya moto. Asubuhi za Juni na Julai Iringa inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na Mbeya chini ya hapo. Koo lililopigwa baridi halifanyi kazi kabla ya saa nne.

Hatua ya 5: Kushika mistari

Hapa ndipo wiki nzima hupotea, kwa hiyo nitakaa.

Shida inaanzia shuleni. Tumezoeshwa kughani mbele ya wageni. Ngonjera, ambazo mshairi Mathias Mnyampala alizipa nguvu miaka ya 1960, ni sanaa kamili na sina ugomvi nazo. Lakini kijana aliyezizoea akipewa mstari wa kuigiza anautia mahadhi siku ya kwanza, na mahadhi yakishaingia hayatoki kirahisi. Utamsikia mtu anatangaza msiba kwa sauti ya kumkaribisha mkuu wa wilaya. Kwa hiyo siku za mwanzo soma kimya, au kwa sauti bapa kabisa kama unayesoma orodha ya bei. Usitafute hisia bado.

Pili, usianze na mistari yako. Anza na ya mwenzako. Chukua mfano wa mapigano ya Lugalo, maana huku karibu kila kundi la vijana hufika kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mapema au baadaye. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvizia msafara wa Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Tuseme wewe ni mjumbe uliyerudi na habari:

MZEE: Umeyaona mwenyewe, au umeyaokota njiani kwa wachunga ng’ombe?
MJUMBE: Nimeyaona.
MZEE: Na mkubwa wao?
MJUMBE: Hatasimama tena.

Wengi watapigia mstari “ng’ombe”, kwa kuwa ndilo neno la mwisho kabla ya zamu yao. Wanalolingoja ni “ng’ombe” tu. Mengine yote ya mzee yanawapita. Sasa soma tena. Neno linalokuchoma ni “umeyaokota”. Hapo ndipo mzee anakuita mwongo, wewe uliyekimbia kutoka uwanja wa vita. Jibu lako linazaliwa hapo, katikati ya sentensi yake, na unalizuia hadi amalize. Piga mstari chini ya neno hilo, na pembeni andika kwa penseli mzee anataka nini kwako: uhakika. Vuta pumzi kwenye “umeyaokota”, wala si kwenye “ng’ombe”, na utajibu kwa wakati bila kuhesabu.

Angalizo: si kila mstari una neno la namna hiyo. Mwingine unakuamsha kwa tendo, mzee anapoweka mkuki chini, au anapogeuka. Mwingine unakuamsha kwa ukimya. Andika hayo pia. Na mwenzako atabadilisha maneno, hilo lisikushtue. Atasema “umesikia kwa watu” badala ya “umeyaokota njiani”. Ukiwa umeshika anachotaka, utajibu. Ukiwa umeshika neno tupu, utabaki unamkodolea macho.

Tatu, shika mistari ukiwa unatembea, baada ya mwongozaji kukupangia mienendo jukwaani. Mistari iliyokaririwa kitandani hubaki kitandani; ukiambiwa nenda ukapige magoti pale, nusu inapotea. Kama mienendo haijapangwa, tumia kazi za mikono. Nyumbani kuna mahindi ya kupukuchua? Pukuchua huku unasema. Mkono ukisimama ili ukumbuke neno, mstari huo bado, urudie. Mkono ukiendelea wenyewe, umeshika.

Nne, tafuta mtu wa kukusomea upande wa pili. Mdogo wako anatosha, na akisoma vibaya, haraka, huku anacheka, ni vizuri zaidi, kwa sababu utalazimika kumsikiliza. Wapo wanaorekodi mistari ya mwenzao kwenye simu na kuacha nafasi ya majibu. Sipendi njia hiyo. Rekodi inakupa mwanya uleule kila siku, na siku mwenzako akichelewa kidogo unadhani ameharibu.

Kama skripti ina maneno ya Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, yachukue kinywani mwa mzee wa nyumbani, usiyachukue karatasini. Na tafadhali, lafudhi ya kuchekesha ya “mtu wa kijijini” muachane nayo. Watazamaji wa Kalenga au Tukuyu watacheka mara moja, halafu watakununia.

Ukikwama mbele ya watu, usimtazame anayefuatilia skripti pembeni. Muulize mwenzako swali ukiwa bado ndani ya mhusika: “Mzee, unaniamini au huniamini?” Atakujibu, na jibu lake litakurudisha njiani. Ujuzi huohuo utakufaa kama mafunzo yenu yanatumia mbinu ya Mbrazili Augusto Boal, ambapo mchezo unachezwa, unarudiwa, na mtazamaji anausimamisha na kuingia mwenyewe kujaribu njia nyingine. Huyo hana skripti. Mwenye mistari ya kukariri tupu huganda palepale.

Hatua ya 6: Sauti ya uwanjani

Maonyesho mengi ya mwisho hufanyika nje, na upepo wa huku haukubembelezi. Mweke mwenzako pale watakapokaa watazamaji wa mwisho, mwambie anyooshe mkono kila neno linapompotea. Mara nyingi hupotea vipande viwili: silabi ya mwisho, kwa kuwa tunakaza ya pili kutoka mwisho na kuiacha inayofuata ife, na silabi ya kwanza ya kukanusha. Watazamaji wasiposikia vizuri, “hatakuja” inakuwa “atakuja”, na kisa kizima kinapinduka. Mpe kila sentensi pumzi yake, na umalize neno kabla hujageuka. Kupiga kelele hakusaidii. Kunakausha koo na kuficha konsonanti. Maikrofoni ya mkononi naikataa kabisa kwa maigizo, maana inamnyang’anya mwigizaji mkono mmoja na kumfanya aonekane mshereheshaji wa harusi.

Hatua ya 7: Maleba

Mavazi ya jukwaani usinunue. Azima mgolole kwa babu, kaniki kwa bibi. Yavae tangu mazoezi ya katikati, kwa sababu mgolole huteleza begani na lazima ujue mkono upi unaushika. Vua saa.

Hatua ya 8: Siku ya onyesho

Kula mapema, kiasi. Pasha mwili moto, kisha sauti, kwa mpangilio huo. Kaa kimya nyuma ya pazia hata kama zamu yako iko mbali. Minong’ono husikika mbele kuliko mnavyodhani. Mama akikupungia mkono kutoka mstari wa mbele, hujamwona.

Hatua ya 9: Baada ya makofi

Fagieni ukumbi. Mgolole ufuliwe ndipo urudishwe. Mwombe mwongozaji barua fupi ya kuthibitisha kwamba ulishiriki na nafasi uliyocheza, kabla hamjatawanyika. Anayetaka kuendelea, kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha sanaa za maonyesho. Kote huko wataanza kwa kuuliza vyeti vyako vya mitihani, kwa hiyo shule ikifunguliwa Julai uwe darasani siku ya kwanza.