Diski nzima, si mafaili tu: jinsi ya kuchagua njia ya kuinakili

Mwaka 2019 diski ya kompyuta ya studio yangu hapa Tanga ilianza kugonga: tik, tik, tik. Kesho yake haikuwaka. Picha za harusi nilikuwa nimeziweka pembeni kwenye diski ya nje, zikasalimika. Kilichoniumiza ni vingine vyote: Windows yenyewe, programu za kuhariri, dereva za printa, mipangilio ya rangi niliyoihangaikia miezi. Siku nne nilikuwa nasakinisha upya huku wateja wa paspoti wakiishia mlangoni.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kompyuta ikifa leo saa nne asubuhi, unaweza kukaa muda gani bila kazi?

Kama ni saa moja tu, fanya kloni. Diski ya pili inakuwa pacha wa ya kwanza. Unashika bisibisi, unabadilisha, unawasha. Lakini pacha huyo ana hali ya siku moja pekee. Ukinakili upya, ya wiki iliyopita imefutika, na kama kirusi kilishaingia, nacho kimehamia huko. Tena diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ya asili.

Kama unaweza kuvumilia nusu siku, chukua taswira, na hii ndiyo njia yangu. Diski yote inafungashwa kuwa mafaili yaliyobanwa, sehemu tupu zikirukwa. Diski yangu ya GB 500 imejaa GB 210, na taswira yake hutoka kama GB 150. Kwenye diski ya nje ya TB 1 natunza tano, za tarehe tofauti. Natumia Clonezilla. Ni ya bure, inawakia kwenye flashi, Windows ikiwa imezimwa kabisa. Sura yake ni maandishi matupu, basi soma kila swali taratibu, hasa siku ya kurejesha, maana diski utakayoitaja inafutwa yote. Mimi hutazama ukubwa na jina la mtengenezaji mara mbili kabla ya kubonyeza y.

Wenye Mac wana Time Machine, programu ya kunakili inayokuja na mashine, waiwashe.

Kupandisha diski nzima kwenye intaneti sikushauri. GB 500 kwa kasi ya Mbps 5 ni zaidi ya siku tisa bila kupumzika, na bando nani atalipa? Huko peleka nyaraka na picha chache zisizo na mbadala.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi uuweke mbali na mashine. Taswira ikirudishwa kwenye kompyuta nyingine, utaombwa huo.

Halafu jaribu kurejesha, kwenye diski ya akiba, kabla ya balaa. Jaribio langu la kwanza halikuwaka kabisa: kwenye Clonezilla nilikuwa nimechagua saveparts (kuhifadhi sehemu tu za diski) nikachukua sehemu ya C peke yake, sehemu ndogo ya kuwashia nikaiacha. Ilinibidi nirudie kwa savedisk, yaani diski nzima. Sasa nachukua taswira kila Ijumaa baada ya kufunga, na diski ya nje nalala nayo nyumbani, si studio, kwa sababu mwizi akiibeba kompyuta hatasahau kilichochomekwa pembeni yake.