Kusimamia manenosiri ya BIOS ya ofisi nzima kutoka sehemu moja

BIOS, programu inayoanza kabla ya Windows kila mashine inapowashwa, ina manenosiri mawili, usiyachanganye. La mipangilio humzuia mtu kuingia BIOS na kubadilisha mipangilio ili awashe mashine kwa flashi yake. La kuwashia huisimamisha mashine kabla Windows haijaanza. Weka la mipangilio tu. Ukiweka la kuwashia, masasisho ya usiku yatazima na kuwasha mashine, zote zitakwama zikisubiri mtu aje kuandika nenosiri, na wewe huzifikii tena kwa mtandao.

Kila mashine iwe na nenosiri lake, lihifadhiwe kwa namba ya mashine, si kwa jina la anayeitumia, maana watu huhama meza. Herufi 12 za kawaida na tarakimu zinatosha. Epuka alama: kwenye kibodi ya Uingereza @ na " zimebadilishana nafasi na za Marekani, na BIOS nyingi husoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani. Nenosiri litakuwa sahihi na bado litakataliwa.

Andika nenosiri jipya kwenye hifadhi ya manenosiri kwanza, ndipo uliweke kwenye mashine. Ukigeuza utaratibu huu na umeme ukakatika katikati, umebaki na mashine usiyoijua nenosiri lake.

Kwa Dell, sakinisha programu yao ya Dell Command | Configure, kisha kwa haki za msimamizi:

cctk --setuppwd=JIPYA --valsetuppwd=LAZAMANI

Mara ya kwanza acha sehemu ya pili. Jibu likiwa 0, limekubali. Likiwa jingine lolote, usifute la zamani kwenye hifadhi.

HP hutumia faili zilizosimbwa, unazitengeneza kwa programu yao ya HPQPswd, kisha:

BiosConfigUtility64 /nspwdfile:"jipya.bin" /cspwdfile:"zamani.bin"

ThinkPad, kompyuta za Lenovo, ni ngumu zaidi. Kwa kawaida skripti hubadilisha nenosiri lililopo, lakini la kwanza huwekwa kwa mkono kwa kubonyeza F1, kwa hiyo lifanye siku unayofungua boksi. Likipotea, kuchomoa betri ndogo ya ubao mama hakusaidii. Ni kubadilisha ubao mama.

Skripti yenye nenosiri wazi isikae kwenye folda inayosomwa na wote. Na kama unagusa pia Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokataa mfumo usioaminika kuwaka), sitisha kwanza BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, la sivyo kila mashine itadai ufunguo wake wa tarakimu 48:

Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 1

Jaribu mashine moja ya kila modeli kabla ya kusambaza: iwashe, ingia BIOS, andika nenosiri kama lilivyo kwenye hifadhi, herufi kwa herufi.