Jinsi ya Kuomba Zuio kwenye Hatimiliki ya Mzazi Mzee Nairobi

Mzazi mwenye ploti Kasarani au Dagoretti akisikia kwamba mwanawe anaitafutia wanunuzi, asingoje hadi hati ibadilike jina. Kisheria mtoto, hata awe kifungua mimba, hana fungu katika mali ya mzazi aliye hai.

Aanze kwa upekuzi rasmi wa ardhi, ambao wengi huuita sachi, kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia Nairobi. Akaunti ifunguliwe kwa kitambulisho na nambari ya simu ya mzee mwenyewe. Asiyezoea kompyuta amtumie wakili, wala si kijana yuleyule anayeshukiwa, maana anayeshika nywila na simu ya mzee ana nafasi ya kujifanya mzee.

Wengi hukosea katika kuchagua ombi la kuzuia uuzaji. Kosheni, yaani tahadhari inayoandikwa kwenye rejista ya ardhi chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, huwekwa na anayedai haki katika ardhi, kwa mfano mke ambaye jina lake halimo katika hati ya nyumba ya ndoa. Mzee ambaye jina lake limo tayari huomba zuio chini ya kifungu cha 76, kinachompa msajili uwezo wa kusimamisha shughuli zote juu ya kipande hicho ili kuzuia ulaghai.

Ombi huandikwa kwa msajili wa ardhi, likiambatana na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo kitaje nambari ya ardhi, nani alifanya nini na lini. Manung'uniko ya jumla kuhusu tabia ya mtoto hayasaidii. Ambatisha nakala za hatimiliki na kitambulisho, matokeo ya sachi, na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ikiwa kuna vitisho vilivyoripotiwa polisi. Msajili anaweza kuwaita wahusika awasikilize kabla ya kuamua, na zuio laweza kuwa la muda maalumu au hadi amri nyingine itolewe. Likishaandikishwa, fanya sachi tena uhakikishe limeonekana.

Iwapo hati imekwisha kuhamishwa kwa saini ya kughushi, zuio peke yake halitairudisha. Kesi hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani. Lakini mzazi aliyetia saini mwenyewe, akijua anatoa zawadi, atapata shida kubwa kuirejesha.