Kukuza ishara ya DNA kwa haipini mbili tu, bila kimeng'enya

Kama sensa yako inakamata DNA unayoitafuta lakini mwanga unaotoka ni hafifu mpaka unakodoa macho, jaribu HCR (hybridization chain reaction, yani nyuzi za DNA kushikana moja baada ya nyingine), njia waliyoitoa Dirks na Pierce wa chuo cha Caltech, Marekani, mwaka 2004, haitaki kimeng'enya wala mashine ya PCR (ya kunakili DNA), joto la chumba linatosha.

Iko hivi: unakuwa na haipini mbili, H1 na H2, yani nyuzi za DNA zilizojikunja zikajifunga zenyewe kama kibanio cha nywele. Ukiziweka pamoja zinatulia tu kila moja kivyake, ila kikija kianzishi, ule uzi unaoutafuta, kinashika mkia wa H1 ulioachwa wazi kinaifungua, H1 inaenda kufungua H2, H2 inafungua H1 nyingine, hivyo hivyo mpaka unapata mnyororo mrefu. Dizaini yao ya kwanza ilikuwa na shina (sehemu iliyojifunga) la jozi 18 za besi, zile herufi za DNA, mkia wa besi 6 na kitanzi cha besi 6. Kila haipini ikiwa na rangi inayong'aa, kianzishi kimoja kinabeba taa nyingi.

Haipini agiza zilizosafishwa vizuri kwa jeli, hapa usibane hela, maana nyuzi pungufu, zilizotengenezwa fupi kuliko zinavyotakiwa, ndo zinazoharibu. Halafu chemsha H1 na H2 KILA MOJA KWENYE TYUBU YAKE, digrii 95 kama dakika 2, toa, ziache zipoe nusu saa hivi kwenye droo ili rangi isipigwe na mwanga. Ukizichemsha pamoja zitashikana zenyewe na kazi imeisha hapo.

Bufa (maji unayochanganyia) iwe na chumvi ya kutosha, wao walitumia NaCl mola 0.5, kwa sababu nyuzi za DNA zote zina chaji hasi na bila chumvi zinasukumana.

Sasa changanya, na tafadhali sana weka tyubu moja isiyo na kianzishi kabisa. Pitisha zote kwa umeme kwenye jeli ya agarosi 1%, inayotenga DNA kwa ukubwa, ndefu zikibaki juu: yenye kianzishi inaonyesha bendi (mistari ya DNA) zimepanda juu kama ngazi, isiyo nacho ibaki na bendi moja chini. Kianzishi kikiwa kidogo minyororo inakuwa mirefu zaidi, hilo lisikushtue. Ila ukiona ngazi hata pale pasipo na kianzishi, haipini zinavuja, yani zinafunguka bila kianzishi, rudia kuchemsha na kupoza kila moja peke yake, bado ikivuja punguza kiwango cha haipini au muda wa kusubiri.